Kurasa Kumi na Moja Nilizozificha Darini

Nyumbani, Marangu

Aika, mama yangu,

Wewe na mama yako mmeteremka Himo kununua kufuli la tranka, nami nimebaki na ng'ombe na kalamu. Najua mkifika sokoni hamtanunua kufuli tu. Mama yako ataona kanga, ataona mabeseni, atakutana na mtu aliyeimba naye kwaya zamani, na hapo nitapata saa mbili nzuri za kuandika. Ndiyo sababu nilisema goti linaniuma. Linauma kweli, ila si la kunizuia kufika Himo. Huo ni uongo wangu wa leo, na ni mdogo. Barua hii ni ya ule mkubwa.

Mambo ya sabuni, mafuta, ndala na namna ya kukunja shuka sitayagusa. Mama yako amekuimbia hayo wiki nzima, nadhani hata ndama ameyakariri. Mimi naandika juu ya vitabu. Ukifungua tranka kule Iringa, chini kabisa, chini ya blanketi, utakuta vitabu vinne na bahasha moja ya kaki. Bahasha usiifungue kwanza. Soma barua hii hadi chini. Mwenye ugonjwa wa kukimbilia mwisho wa hadithi ni mimi, wewe hukuurithi, na nashukuru.

Vitabu vyenyewe unavijua, maana wewe ndiye uliyetusomea. Nimevitoa kabatini kwa sababu unakwenda kukaa miaka miwili na wasichana wa rika lako, na mtu akifika ugenini na kitabu cha kuazimisha hakosi mtu wa kukaa naye. Wengine watakuwa na redio, wengine biskuti. Wewe utakuwa na nchi nne ambazo hazipo kwenye ramani.

Unajua zilivyotufikia, lakini niache nisimulie, leo nimeikumbuka sana siku ile. Miaka kumi na tisa nilipanda mlima na mizigo ya watu kichwani. Tukishuka siku ya tano, wageni wamechoka, pua zimewaungua, wanavua vitu wasivyotaka kurudi navyo kwao. Makoti, soksi nene, tochi, chupa za maji. Vinatandazwa juu ya turubai pale getini, na wapagazi tunachagua kwa zamu, mkubwa wa umri akianza. Siku ile nilikuwa wa pili. Wa kwanza akachukua koti. Palikuwa na buti, Aika. Buti za ngozi, saizi yangu kabisa. Na pembeni yake kitabu kinene chenye picha ya lango la mawe. Binti wa kizungu, umri kama wako wa sasa, alikuwa amekisoma njia nzima, hata akienda chooni alikwenda nacho, na alipokiweka pale turubaini alikipapasa kama anaaga mtu. Nikainama nikachukua kitabu.

"Mangi," akasema mpishi wetu, "umeacha buti umechukua karatasi? Utazivaa?"

"Ni za mwanangu. Anasoma sekondari."

"Basi safari ijayo apande mwanao, wewe ubaki nyumbani usome."

Walinicheka mpaka tukaachana njiani. Mama yako hakucheka. Alitazama viatu vyangu vilivyofungwa kwa waya, akatazama kitabu, akaniuliza kama kinachemshwa na ndizi au kinaliwa kikavu.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Wapagazi wenzangu waliniita Mwalimu kwa kejeli, lakini kitabu kikiachwa turubaini waliniwekea. Vya mapenzi na vya polisi nilivipeleka Moshi mjini, kwa yule mama wa mitumba aliyekuwa akiuza vitabu pamoja na sweta, nikabadilishana naye. Vile vya vijana, vyenye miji ya ajabu na wafalme wasiokuwepo, nilivileta nyumbani. Nilidhani vitakupa Kiingereza cha mtihani. Sikujua vitaingia jikoni na kukaa na sisi.

Maana ulikataa kusoma peke yako. Ukitoka shule ulikaa kwenye kigoda, mama yako na Bibi wakimenya ndizi za mtori, mvua ya masika ikipiga bati, ukasoma mstari kwa Kiingereza na kuutoa kwa Kiswahili, na mimi nikimwekea Bibi Kichagga pale Kiswahili kilipomchosha. Kamusi yako ya shule ilikuwa magotini, imejaa unga. Bibi, ambaye wewe umechukua jina lake, hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Mfalme akiingia alitaka kujua ni wa ukoo gani. Msichana akifika nyumba ya mchawi, Bibi alisema, "Hakusalimia! Umeona? Angeamkia kwanza, yasingempata hayo." Nikisikia mtu anasema vitabu hivi vinaharibu watoto, nakumbuka jiko lile. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona watu wa nyumba yangu wakizungumza hivyo, na yote yalikuwa juu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Basi nikuambie kipi umpe nani.

Kile cha joka mpe atakayelilia kwao juma la kwanza. Mwambie aruke kurasa sitini za mwanzo, hazina kitu, watu wanatembea tu msituni wakitajana majina. Joka likishaingia mambo yananoga. Linaongea kupita kiasi, lina majivuno, lina wivu, na mtu akilisikiliza hapati nafasi ya kuwaza nyumbani. Mama yako ndicho anachokipenda, ingawa hatakuambia. Sura ile ya kuruka juu ya mawingu alikuomba uirudie mara tatu, akisema hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua. Siku moja kati ya hizo mvua haikuwepo.

Kile cha mto ulioibwa kinamfaa anayesoma sayansi na anayependa kubishana. Nchi nzima inanunua maji kwa mtu mmoja, halafu binti wa fundi mabomba anauhamisha mto kwa siri. Mwandishi anajua mengi lakini mifereji haijui, pale anapopandisha maji mlimani bila kufikiri ningependa kumwonyesha mfongo wetu, aone babu zetu walivyoyashusha maji kwa jembe na macho tu. Nilimkasirikia sana. Nikakisoma tena mara mbili.

Kile cha mji wa kadi mpe yule atakayekuambia kwamba hapendi kusoma. Ni kifupi na hakimwachi mtu. Unakumbuka: kila kitu kinatolewa kwa kadi, mkate, viatu, hata dakika za kukaa juani. Anayelalamika anachukuliwa, na nyumba yake inapakwa rangi nyeupe ili majirani wasahau nani alikaa pale. Na msichana wa hadithi kazi yake ni kupaka hiyo rangi.

Ulitusomea ukurasa wa kwanza ukatutuliza. "Msiogope, ni mambo ya kubuni. Ni miaka mia mbili ijayo."

Bibi akaacha kumenya. "Miaka mia mbili gani? Foleni hiyo mimi nimeipanga hapo dukani kwa goti hili hili. Unapanga asubuhi hujui kinachouzwa. Ukifika mbele unaambiwa ni betri."

Tulicheka sote. Nami nilicheka, halafu ulipofika pale msichana anapopewa ndoo ya rangi na kuambiwa aende nyumba ya rafiki yake, nikatoka nje. Nilisema ng'ombe analia. Ng'ombe hakuwa analia.

Miaka ile ya uhaba, wewe hujazaliwa, jirani yetu wa chini ya mfongo alikuwa akileta sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka. Kila nyumba hapa ilinawa kwa sabuni yake, na yetu pia. Siku askari walipokuja kumchukua nilikuwa kwenye mibuni na ndoo ya kahawa mbivu. Mmoja wao aliniuliza, "Huyu unamjua?" Nikajibu, "Namjua kwa sura." Kwa sura, Aika! Baba yangu na baba yake walichimba mfongo pamoja. Jirani alinisikia. Alirudi baada ya miezi, amekonda, na hakuniambia neno. Mpaka leo tukikutana kanisani ananishika mkono kwa mikono yake miwili, na kila mara natamani angenitukana. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kitabu kile ni uongo mtupu, mwambie baba yako aliwahi kupaka nyumba moja rangi.

Sasa kile cha lango.

Hicho usimwazimishe mtu mpaka umalize kusoma hapa.

Kabla hakijafika nyumbani, mwaka mmoja na nusu hivi, kaka yako Elia alikuwa ameondoka kwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani. Wewe ulijua aliondoka. Hukujua tulivyoagana. Nilitaka abaki na kihamba, shamba letu la ukoo, yeye alisema kahawa imekufa, bei yake haimtoshi mtu hata kuoa. Alikuwa na haki, nilishang'oa nusu ya mibuni ya babu yako mwenyewe nikapanda nyanya. Lakini mtu akiambiwa ukweli na mwanawe hasikii ukweli, anasikia dharau. Nikamfuata mpaka kwenye ua wa masale, nikamwambia, "Ukivuka hapa usirudi. Na jina lako sitaki kulisikia humu ndani."

Akavuka. Na nyumba yangu ikanitii. Mama yako alikigeuza kikombe cha Elia juu chini rafuni, na tangu siku hiyo kaka yako akawa "yule". Mlikuwa mkisema, yule alikuwa na sweta kama hili. Ng'ombe huyu alizaa mwaka ule yule alipomaliza shule. Hata wewe ulijifunza kusema hivyo, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nilidhani ni heshima. Leo nadhani mlikuwa mnaniogopa, na naumia.

Ndipo ukaja jikoni na kile kitabu, ukafika sura ya tatu, ukatusomea sheria ya kile kijiji. Kijiji kiko bondeni, kina lango moja. Mvua imegoma. Anayetoka nje ya lango anapoteza jina lake, na aliyebaki nyumbani haruhusiwi kulitaja, hata mama yake mzazi. Msichana anatoka kwenda kuitafuta mvua.

Uliendelea kusoma, hukuona kitu. Mimi niliona. Kisu cha Bibi kilisimama juu ya ndizi, na Bibi akanitazama. Alinitazama tu kama anavyomtazama mtu aliyekanyaga mboga zake, kisha akarudi kumenya.

Juma lililofuata nilikuwa na safari ya mlimani, nikakuomba kitabu nipande nacho. Ulishangaa, ukanipa, ukaniambia nisikiloweshe. Kwenye kibanda cha pili, wenzangu wakicheza karata, nilikaa na kamusi yako nikaanza sura ya mwisho, neno kwa neno, siku tatu za kupanda na kushuka. Nilitaka kujua kama anarudi.

Harudi, Aika. Mvua anaipata, anaituma nyumbani, yeye anabaki upande wa pili wa milima na watu wengine, ana kazi yake na maisha yake. Na kule kijijini baba yake anakaa langoni kila siku. Sheria inamruhusu kukaa. Haimruhusu kuita. Mistari ya mwisho ni ya huyo mzee, mvua inamnyeshea, ameufungua mdomo na jina halitoki.

Nilitoa kisu nikazikata kurasa zile. Kumi na moja. Nilikuambia kuni zililowa, mpishi akazichana kuwashia moto bila kuniuliza. Mpishi wa watu hakuwahi kugusa kitabu kile. Mpaka leo akipita hapa unamwamkia shikamoo ukitazama ng'ombe, naye anajiuliza amekukosea nini. Tafadhali siku utakayokutana naye tena mtazame usoni.

Ulilia mpaka ukakataa kula. Nilijiambia nakulinda. Nilijiambia mtoto wa miaka kumi na mitano asisome kwamba mtu anaweza kutoka kwao asirudi na asife, akaishi tu. Hakuna nilichokuwa nalinda isipokuwa uso wangu mbele ya mama yangu.

Bibi ndiye aliyekunyanyua. "Yeleuwi! Kwa hiyo mtoto wa watu amebaki huko porini? Haiwezekani. Wewe uliyeanza, malizia."

"Siwezi, Bibi. Sijui mwandishi alisema nini."

"Mwandishi hayupo hapa. Ameenda kwao na ndege. Mimi nipo, na ndizi zangu zipo. Malizia."

Ukamalizia. Alasiri tatu mfululizo, kitabu kimefungwa magotini. Ulimtia bibi kwenye hadithi, na kitabu hakikuwa na bibi yeyote. Siku ya tatu huyo bibi alichoka na sheria, akaenda mpaka langoni na fimbo yake, akaita jina la mjukuu wake. Watu walisubiri aanguke afe. Hakuanguka. Akaita tena. Mtu wa pili akaita, wa tatu akaita, kijiji kizima kikaita, na kule mbali msichana akiwa anachota maji akasikia, akatua ndoo. Mama yako alikuwa anafuta macho akisingizia kitunguu, na siku hiyo hatukuwa na kitunguu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakamua. Bibi akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa zizi.

"Elia angekuwepo," akasema, kwa sauti ambayo hata jirani angesikia, "ng'ombe huyu asingekuwa anapiga teke."

Nikaendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanamwagika nje ya ndoo.

"Elia," akarudia. "Nimesema Elia. Nimeanguka?"

"Hujaanguka, Mama."

"Basi."

Akarudi jikoni. Nilipoingia kunywa chai, kikombe cha kaka yako kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama juu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye ua, pale pale nilipomfukuzia, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Wewe umekua unaona masale kwenye mipaka tu, lakini Bibi alikufundisha maana yake: aliyekukosea akikupa jani la isale, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Kwa kawaida mdogo ndiye anayempelekea mkubwa. Baba kumpelekea mwanawe sikuwahi kuona. Nilimpa mama mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi Mererani, nikamtajia jina, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja baada ya muda huo wote. Nililitaja vibaya, kwa kukwama, mpaka akaniuliza mara mbili.

Desemba ile, watu wote wa mlimani wanarudi makwao kutoka kila pembe ya nchi, njia imejaa magari na mbuzi, nilimkuta kaka yako amesimama kwenye ua wa masale. Hakuwa amevuka. Jani lilikuwa kwenye mfuko wa shati, limekauka, limekuwa kahawia.

"Shikamoo, Baba."

Nilipaswa kusema marahaba. Nilisema, "Elia." Nikalisema tena. Wewe ulikuwa unatoka mtoni na ndoo, ukaitua chini maji yote yakamwagika, na Bibi akakugombeza kwa kupoteza maji huku analia.

Sasa unaelewa shida yangu. Kila mwaka nilisema nitakupa zile kurasa. Lakini Elia amerudi kwa sababu ya mwisho wako, si kwa sababu ya ule wa kitabuni. Ningeanzaje kukuambia kwamba mwandishi alisema vingine na mimi niliuficha? Mwaka jana Bibi alipokuwa kitandani, alikuomba umsimulie tena pale bibi anapoita langoni. Ulimsimulia umemshika mkono. Aliondoka duniani akijua hadithi ndivyo ilivyokwisha, na nilikuwa nimesimama mlangoni, nikafunga mdomo wangu. Lile silijutii. Mengine yote najuta.

Leo asubuhi, kabla hujaamka, nilipanda darini juu ya jiko, pale pa mahindi, nikazitoa. Zimekaa kwenye moshi miaka mitatu na zaidi, zimekuwa rangi ya chai, lakini zinasomeka. Ndizo zilizomo kwenye bahasha. Zisome. Umri umefika, na kesho wewe ndiye unayetoka langoni. Mwandishi yule hakukosea. Inawezekana mtu akaondoka kwao, akapata kazi na watu na maisha mazuri huko, na asirudi, na asiwe mtu mbaya. Niliogopa usilijue hilo. Lijue. Sitaki urudi nyumbani kwa sababu hukuambiwa kwamba unaweza kutorudi.

Nilikata na tawi la isale nitie kwenye bahasha. Nikalifunga fundo, nikaliweka, nikaliondoa. Ningekupa lile ungelazimika kunisamehe, na mtu niliyekudanganya sina haki ya kukulazimisha tena. Nimelichomeka pale penye pengo la ua, upande wa kulia ukitoka. Masale hayachagui udongo, likikubali utalikuta na majani mapya. Wewe samehe ukiweza, utakapoweza. Nikiletewa barua yenye hasira nitaisoma yote, nayo nitaanzia mwanzo.

Nasikia sauti ya mama yako huko chini njiani. Anamlalamikia mtu bei ya kufuli kana kwamba huyo ndiye aliyelitengeneza. Lazima nifunge, nizitie karatasi hizi chini ya blanketi, nikae na goti langu kitako kama mlivyoniacha.

Kuna jambo moja tu limebaki. Zile alasiri tatu ulipokuwa unamalizia hadithi, ulidhani nimekaa pale mlangoni naandika siku za safari za mlimani. Nilikuwa nakuandika wewe. Kila neno, na maneno ya Bibi alipokukatiza, na mahali mama yako alipotafuta kitunguu. Limejaa daftari zima la kurasa themanini.

Mwisho wa mwandishi nimekupa, ni wako, nenda nao popote. Wa kwako sikupi. Uko darini, kwenye mfuko wa nailoni, nyuma ya mahindi ya mbegu. Ukiutaka, njoo Desemba upande ngazi mwenyewe. Ukichelewa, nitasimama kwenye masale niite jina lako, na nimeshajifunza kuita.

Baba yako